Sentimita Mbili za Mkia

Nianze na kosa lenyewe, maana hapa kijijini Nelson kila mtu analisimulia kwa namna yake, na wengi wao asubuhi ile walikuwa bado kitandani. Samaki nilimpima mimi. Nilimlaza kwenye rula iliyogongomewa juu ya benchi la boti, nikaisukuma pua yake ikagusa kibao cha mwanzo, nikasoma namba, nikasema, "Anaingia," kisha nikampiga rungu la kichwa. Kazi nzima haikuzidi muda wa mtu kupenga kamasi.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Barafu ilikuwa imetoka mtoni siku chache tu zilizopita, na theluji ilikuwa bado imejibanza chini ya misonobari upande usiopata jua. Mto Miramichi ulikuwa umevimba, una rangi ya chai iliyochemka sana, unashuka na matawi na magogo. Huo ndio wakati samaki wa milia wanapoingia kutoka baharini. Wanawafuata gaspero, vijisamaki vya rangi ya fedha vinavyopanda mto kwa makundi, na wao wenyewe wanakuja kutaga. Boti zinajipanga chini ya kisiwa cha Beaubears, pale mikono miwili ya mto inapokutana, na zinakaribiana hata unamsikia jirani yako akitafuna mkate.

Mimi si mtu wa samaki wa milia. Nimezaliwa kwenye samoni. Baba yangu aliongoza wageni wa samoni hadi magoti yakamkataa, na mimi nikapika kwenye kambi ya samoni miaka ishirini, kisha nikashika upondo na kuongoza wageni mwenyewe. Samoni wakapungua mwaka hadi mwaka, na msimu wa juzi kambi ikatiwa kufuli. Sasa muulize mtu yeyote wa huku ni nani anayewameza watoto wa samoni wakiteremka kwenda baharini. Watakuambia ni huyu mwenye milia. Nilikuwa nikimwita mfungwa aliyetoroka na sare zake, na wageni walikuwa wakicheka.

Lakini tumbo halina kiburi. Nikiwa na miaka hamsini na miwili nikaingia darasani na vijana, nikafanya mtihani wa leseni ya kuongoza wavuvi wa samaki hao hao wa milia, nikafaulu. Leseni ilikuja mwezi wa tatu, kikadi kigumu chenye picha niliyonuna. Nilikitia kwenye mfuko wa koti, mfuko wa ndani wenye zipu, na asubuhi ile wageni kumi na mmoja walikuwa wameniwekea nafasi hadi katikati ya mwezi wa sita. Mwongozaji akiandikiwa kosa la samaki, leseni inarudi ofisini. Bila leseni, mlango uliobaki kwangu ulikuwa kiwanda cha kaa, kusimama saa kumi juu ya sakafu yenye maji, na mgongo wangu ulishakiaga kiwanda kile. Huo ndio uzito wa kile kikadi.

Mgeni wa siku ile alikuwa wa nne tu tangu nianze. Alyre Haché, mzee wa Néguac, miaka sabini na tisa, mfupi, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi. Ujana wake alitega nyavu za samoni kule ghubani, hadi serikali ilipozinunua nyavu zote na kuzifunga. Alikuja na fimbo yake mwenyewe ya kuvulia, ya zamani, shikio lake la gamba la mti limechongwa upya kwa mkono. Alizungumza kidogo, na kwa lafudhi ya Kifaransa kila neno lilikuwa kama limekunjwa ukingoni. Kwenye injini alikaa mdogo wangu Eldon, ambaye mdomo wake haujui kufungwa.

"Mzee, hapa hatuvui, tunaokota," Eldon alimwambia tulipotia nanga. "Ukitupa kijiko kitarudi na samaki."

"Basi sikuhitaji kuja na wewe," mzee akajibu.

Samaki wa kwanza alikuja kabla jua halijafika juu ya miti. Nikampima, wa kiasi, akaingia kwenye sanduku la barafu. Wa pili ndiye aliyeleta balaa. Alikwenda na mshipi mpaka gurudumu la fimbo likalia, akazama, akakaa chini kama aliyeshika kitu. Mzee hakuhangaika. Alimwacha achoke, akawa anamvuta pole pole, na alipomfikisha ubavuni nikamchota kwa wavu wa mkono. Alikuwa mzuri. Ndiyo, nasema hivyo hata mimi. Mistari yake saba imenyooka, tumbo jeupe, mnene kama mtoto aliyelishwa vizuri.

"Huyu wa mke wangu," mzee akasema. "Ana hamu ya samaki wa oveni tangu Krismasi."

Nikampima. Sentimita sitini na mbili na nusu. Sheria inasema aliye kati ya hamsini na sitini na tano unaweza kumchukua, aliyepungua au kuzidi unamrudisha majini akiwa hai. Nikasema anaingia, nikampiga rungu.

Sasa sikiliza kosa lilipo, maana ni kosa la watu wetu, na mtu wa mbali hawezi kulifanya hata akijaribu. Samoni anapimwa kutoka puani hadi kwenye panda ya mkia, pale kwenye bonde mkia unapogawanyika. Samaki wa milia anapimwa kutoka puani hadi ncha ya mkia, pale unapoishia kabisa. Nalijua hilo. Lilikuwa swali la saba kwenye mtihani, nikaandika "ncha" kwa herufi kubwa. Lakini mikono yangu haikufanya mtihani. Mikono yangu ilikuwa imepima samoni maisha yake yote, na jicho langu likaenda kwenye panda lenyewe, bila kuniuliza. Ningemheshimu yule samaki, ningemtazama vizuri. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilijua dakika ishirini baadaye. Boti ya maafisa wa uvuvi ilikuwa imeingia kwenye mstari kutokea juu, inateremka na maji yanayokupwa, inasimama kwenye kila boti. Sauti inasafiri sana juu ya maji baridi. Nilikuwa namimina chai niliposikia, boti nne kutoka kwetu, sauti ya kijana ikisema bila ukali, "Mpaka ncha, bwana. Siyo pandani. Mpaka ncha."

Chai ikajaa kikombe, ikamwagikia glavu yangu, na sikuiona.

"Dada," Eldon akasema. "Unainywesha boti?"

Nikaweka chupa chini. Mzee Alyre alikuwa mbele, ametugeuzia mgongo, anatupa chambo chake na kuvuta, anatupa na kuvuta. Nikasogea nyuma mpaka karibu na injini, nikainama kwa Eldon.

"Yule mkubwa nimempima pandani."

Eldon akatabasamu, akingoja nimalizie mzaha. Aliponitazama usoni, tabasamu likamtoka.

"Unasema kweli?"

"Ningekutania na hili?"

"Pima tena. Pengine anaingia hivyo hivyo."

Nikafungua sanduku la barafu, nikajiweka katikati ya sanduku na boti nyingine, nikamtoa yule samaki kwa mikono miwili. Nikamlaza kwenye rula. Panda: sitini na mbili na nusu, sikuwa nimesoma vibaya. Nikaunyoosha mkia kwa kidole. Ncha: sitini na saba. Nikamsukuma pua, nikamlaza upya, kana kwamba samaki aliyekufa anaweza kunihurumia. Sitini na saba. Sentimita mbili. Nikamrudisha chini ya barafu.

"Mzamishe," Eldon akanong'ona. "Mfunge na kipande cha mnyororo wa nanga, mteremshe taratibu upande wa huku. Nani ataona?"

Nikatazama upande wa huku. Ndani ya boti iliyokuwa hatua kumi kutoka kwetu, mwanamke mmoja aliyevaa koti la njano alikuwa ametukazia macho, anakula keki.

"Yule ataona."

"Basi tumkate mkia. Kidogo tu. Makasi yapo."

"Eldon."

"Sema ameng'atwa na sili."

"Eldon, nyamaza, nitakutupa wewe."

"Mimi sijapima samaki yeyote," akasema, na hapo alikuwa na haki. Kisha akasema lile ambalo sote wawili tulikuwa tukilifikiria. "Tuondoke. Kabla hawajafika. Tumwambie mzee samaki wamehamia juu."

Boti ya maafisa ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Nikakubali kwa kichwa. Eldon akaenda mbele, akampita mzee, akashika kamba ya nanga, akavuta. Kamba ikakaza, haikuja. Chini ya maji yale kumelala magogo ya enzi za babu zetu, yaliyozama wakati mbao zilipokuwa zikielea hadi viwandani, na nanga yetu ilikuwa imeshika mojawapo. Eldon akaifungua kamba pale mbele, akaja nayo ubavuni ili aivute kwa pembe nyingine. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo. Baba alitufundisha tungali wadogo kwamba kwenye mto uliojaa, kamba ya nanga haitoki mbele. Lakini mdomo wangu ulikuwa unafikiria leseni.

Boti ikageuka ubavu. Mto mzima ukaja kutuegemea. Ubavu wa kushoto ukainama, maji ya kahawia yakapanda ukingoni, yakaingia, lita kadhaa mara moja, ya baridi hata yakapita kwenye buti na kunichoma kifundo. Mzee Alyre akayumba, akashika benchi kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile alinitazama sawasawa usoni.

"Achia kamba!" nikamwambia Eldon.

"Nikiachia tutapoteza nanga."

"Rudisha mbele basi. Sasa hivi."

Akairudisha mbele akiwa amepiga magoti, akaizungusha kwenye kigingi chake, na boti ikajinyoosha tena, pua ikautazama mto. Maji yalikuwa yanachezacheza miguuni mwetu. Kisu kilikuwa kiunoni mwangu, ningeweza kuikata ile kamba na kuondoka. Lakini boti inayokata nanga maafisa wakiwa boti mbili kutoka hapo, hiyo si boti inayohama, inakimbia. Na nilikuwa nimekwisha kumyumbisha mtu wa miaka themanini kasoro juu ya maji yanayoua kwa dakika chache, kwa ajili ya kikadi chenye picha yangu. Niliona haya. Nikachukua kopo, nikaanza kuchota maji.

"Kuna tatizo, mwanangu?" mzee akauliza.

"Nanga tu, mzee wangu. Imeshika gogo."

"Mm," akasema, akatupa chambo chake tena.

Eldon akanijia na kopo la pili. "Funika kombe mwanaharamu apite," akaninong'oneza. "Kaa juu ya sanduku. Wewe si unamjua huyo kijana? Mchekee."

Nilimjua. Aliyesimama kwenye ile boti ya kijivu alikuwa Kerwin Dolan. Baba yake aliongoza wageni wa samoni pamoja na baba yangu, na Kerwin alikulia kwenye jiko langu la kambini, anaiba biskuti na kudhani sioni. Siku zote aliniita Shangazi. Nikakaa juu ya sanduku la barafu kama kuku anayeatamia, nikakutanisha mikono, nikasubiri.

Walikuja taratibu, injini ikinguruma chini. Mwenzake akashika ukingo wetu.

"Habari za asubuhi," Kerwin akasema. "Za kwenu, Bibi Mullin."

Hakusema Shangazi. Nikajua kwamba leo niko na afisa.

Akatazama makoti ya kuokolea, akahesabu. Akatazama ndoana ya mzee, kama ni moja na haina kijimwiba. Akaomba leseni yangu, nikafungua zipu, nikampa, akaisoma kana kwamba hajui jina langu, akanirudishia. Kisha akanyoosha kidole.

"Na sanduku, tafadhali."

Nikanyanyuka. Nikafungua kifuniko.

Akamtoa yule wa kwanza, akampima kwenye ubao wake mwenyewe. Hamsini na nane. Akamweka pembeni. Akamtoa wa pili, na kabla hajamlaza nikamwona akimkadiria kwa jicho. Akamlaza. Akanyoosha mkia. Akamwinua, akamlaza tena, kama nilivyofanya mimi.

"Sitini na saba," akasema. Hakuongeza sauti. "Nani alimpima huyu?"

Ndani ya boti hakuna pa kutazama. Eldon akatazama injini. Mimi nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Mimi," Mzee Alyre akasema.

Alikuwa amekwisha kugeuka, fimbo imelala juu ya mapaja yake.

"Nimempima mimi. Miaka thelathini nimepima samoni, kijana. Jicho limekwenda pandani. Uzee."

Kerwin hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Macho yale yale ya mtoto aliyekuwa akisimama mlangoni mwa jiko, ila sasa yeye ndiye aliyeniona.

"Bibi Mullin," akasema. "Ni hivyo?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini niliwaona wale wageni kumi na mmoja, nikauona mlango wa kiwanda cha kaa, nikahisi Eldon akinikanyaga buti kwa buti yake.

"Umemsikia mzee," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi peke yangu, na hayajawahi kupungua ubaya.

Kerwin akaandika. Aliandika polepole sana, kila mara akisimamisha kalamu, na mimi nikawa natazama maji. Akampa mzee karatasi ya faini na ya kuitwa mahakamani. Akamchukua yule samaki mkubwa. Kisha akasema kwa upole kwamba sheria inamtaka achukue na kifaa kilichotumika, na akanyoosha mkono kuomba fimbo. Mzee akaifuta shikio kwa kiganja cha glavu, mara moja, akampa.

"Ina ukali kwenye pete ya juu," akamwambia. "Muwe waangalifu, itakata mshipi."

Boti ya kijivu ikasogea kwa jirani yetu, yule mwanamke wa koti la njano. Nikampa Mzee Alyre fimbo yangu.

"Endelea na hii, mzee wangu. Muda wako bado upo."

"Hapana," akasema. "Imetosha. Nipeleke gatini."

Nanga ikakubali kutoka safari hii, Eldon aliponiacha niipandishe boti kwa injini hadi juu ya lile gogo, naye akaivuta kutoka upande wa pili. Nikaigeuza boti kuelekea gatini. Mzee alikaa mbele na mikono yake miwili mitupu juu ya magoti, na ile mikono ndiyo iliyonishinda. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika.

Gatini nikamshika kiwiko kumsaidia kutoka. Akasimama juu ya mbao zilizolowa, akavuta kofia, akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ya chini ili Eldon asisikie, "ukiwa na wageni wengine, pima mpaka ncha."

Akaondoka kuelekea kwenye pikapu yake, polepole, amebeba kifuko chenye yule samaki mmoja mdogo.

Eldon akaja kusimama kando yangu, akapuliza pumzi ndefu. "Umeponea chupuchupu, dada. Yule mzee ni malaika. Leo usiku tunakunywa."

"Kunywa wewe."

"Sasa unanikasirikia mimi? Mimi nimefanya nini?"

"Umenikanyaga mguu."

"Nimekuokoa."

"Ndiyo," nikasema. "Ndicho ninachokasirikia."

Na nilikasirika kwelikweli, mpaka meno yakaniuma, ingawa si yeye niliyemkasirikia. Nilimkasirikia yule mzee kwa kunipa kitu ambacho sikumwomba na kisha kunifanya nikipokee. Nilimkasirikia samaki. Nilimkasirikia baba yangu, marehemu, kwa kunifundisha kupima vizuri hivyo. Nilipomaliza orodha nikabaki mimi tu.

Boti ya maafisa ilikuja gatini kabla ya saa tano, wamemaliza mstari. Nilikuwa nimekaa juu ya kigingi muda wote huo, buti zina maji. Eldon alikwisha kwenda kutafuta kahawa. Kerwin na mwenzake wakaipandisha boti kwenye tela, wakafunga mikanda, na nikaiona fimbo ya mzee ikiingia nyuma ya pikapu yao na kijikaratasi kimefungwa kwenye gurudumu lake la mshipi. Mwenzake akaingia kwenye usukani, Kerwin upande wa pili. Injini ikawaka.

Nikaenda nikagonga kioo.

Akakishusha. "Umesahau kitu, Shangazi?"

Sasa ndiyo ananiita Shangazi. Karibu nilie.

"Yule samaki nilimpima mimi," nikasema. "Pandani. Mzee hakumgusa."

Kerwin akatazama mbele kwa kioo kikubwa. Mwenzake akazima injini bila kuambiwa.

"Nilikuuliza pale mtoni."

"Na mimi nakujibu hapa."

"Unajua nikiliandika hili linakwenda wapi?"

"Najua kusoma, Kerwin. Nimefanya mtihani."

Akashuka. Akaweka daftari juu ya boneti, akaifuta karatasi ya mzee, akaandika yangu, na safari hii hakusimamisha kalamu. Akanipa karatasi yangu, nikatia sahihi. Kisha akangoja, na mimi nikangoja, kwa sababu hakutaka kuiomba leseni na mimi sikutaka aiombe. Mwishowe nikafungua zipu mwenyewe. Kikadi kilikuwa kimeshika joto la mwili wangu. Nikakiweka juu ya daftari lake, picha ikiangalia chini.

"Msimu huu umekwisha," akasema. "Mwaka ujao sijui. Si mimi ninayeamua."

"Najua."

"Samahani, Shangazi."

"Usiniombe samahani. Nipe fimbo ya mzee."

Akafungua nyuma ya pikapu, akakata kile kijikaratasi kwa kisu chake, akanipa. Akanipa na yule samaki? Hapana, samaki hakunipa, na nisingempokea.

Mzee Alyre alikuwa bado hajaondoka. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa upande wa jua, mlango wazi, naye ameketi miguu nje, anakula mkate wenye siagi na kipande cha jibini. Sijui kama alikuwa akinisubiri au alikuwa na njaa tu. Alinitazama nikija na fimbo yake mkononi, akaacha kutafuna.

Nikampa. Akaigeuza, akaikagua pete ya juu kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa.

"Mwanamke mjinga," akasema. "Mimi wangenifanya nini? Nina umri wa kuzikwa. Wewe una mdomo wa kulisha."

"Naujua mdomo wangu. Ndio ulioharibu."

"Wamekichukua kikadi chako?"

"Wamekichukua."

Akamega mkate wake, akanipa nusu, nikaupokea kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Nilikuwa na watu kumi wa kuwapigia simu mchana ule na kuwaambia watafute mwongozaji mwingine, na yeye alikuwa wa kumi na mmoja, maana alikuwa amelipia siku mbili.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

Nilidhani hakunielewa. "Mzee wangu, kesho siwezi kukuongoza. Sina leseni. Pesa yako ya kesho nitakurudishia leo hii."

"Pesa rudisha," akasema. "Mimi sikukuuliza leseni. Mke wangu anataka samaki mkubwa, na mimi nina boti yangu nyumbani ila sina wa kunishikia kamba ya nanga. Nimekuuliza saa ngapi."

Nikaumeza mkate kwanza. 

"Saa kumi na mbili," nikasema. "Maji yakianza kupwa."